Bila Kikomo, Hadi Ndoa

Iko nchi moja ambayo tungependa kuionyesha kwenye ramani, ila ukurasa wa ramani bado unafunguka. Msomaji awe na subira. Wanaoijua wanasema ni nchi nzuri, ina milima, ina mito, na ina Wizara ya Kasi yenye ghorofa kumi na mbili na lifti moja inayosubiri fundi. Kazi ya Wizara ni kuhakikisha kila nyumba ina waya wa mtandao na kila waya una jina zuri.

Waya haukuwa na tabu. Ulivutwa mwaka mmoja tu, ukapita juu ya mapaa, chini ya mitaro na mara moja katikati ya chumba cha kulala cha mtu aliyekuwa safarini. Tabu ilikuwa jina. Ndiyo maana Dokta Haroub Mkadam, Mkurugenzi wa Ufafanuzi wa Wizara hiyo, alionekana asubuhi moja akitembea kwa miguu kwenda kwa Maalim Mbaruku Faki, huku dereva akimfuata taratibu na gari tupu. Alikuwa na halua mkononi. Kutembea kwa miguu kulikuwa heshima yake kwa mzee, na gari tupu lilikuwa heshima yake kwa cheo.

Maalim Mbaruku alikuwa ametunga kamusi katika Baraza la Maneno kwa miaka arobaini, mpaka Baraza lilipovunjwa kwa kukosa la kusema. Vikadi vyake vya maneno alikuja navyo nyumbani, akavipanga ndani ya makopo ya biskuti, na kila kopo alilijua kwa sauti ya kifuniko chake. Haroub alikuwa mwanafunzi wake. Alikula wali wa nyumba ile miaka mitatu, na marehemu mke wa Maalim ndiye aliyemshonea kanzu aliyoivaa siku ya kwanza ya kazi.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Naiona halua. Una shida gani?"

"Ndogo tu. Tunataka neno," alisema Haroub, akakaa kwenye kiti kile kile alichokuwa akikalia ujana wake. "Mtu analipia mwezi, kisha anatumia mtandao mpaka achoke yeye. Hapimwi, hahesabiwi, hakatwi. Huduma hiyo tuiiteje?"

Maalim aliomba siku tatu. Siku ya kwanza alilikataa "bila mpaka", kwa kuwa Wizara ya Ulinzi ingeuliza nchi imekwenda wapi. Siku ya pili alilikataa "bila mwisho", kwa kuwa lilimnukia makaburini. Siku ya tatu, baada ya kopo la herufi K kufunguliwa na kufungwa mara saba, alimpelekea Haroub karatasi yenye maneno mawili: bila kikomo. Aliyaandika kwa wino mweusi na mkono wa furaha, maana kwa miaka mingi hakuna aliyemuomba kitu.

Haroub alirudi jioni ile kushukuru. Alipokuwa mlangoni akakumbuka jambo dogo la pili. Je, akitokea mtu mmoja, mmoja tu katika nchi nzima, akauchukua waya wake na kuwauzia mtaa mzima, mtu huyo wakubwa wa Wizara wamwambie nini, bila kumvunjia heshima?

"Mwambieni atumie kiungwana," alisema Maalim. "Mtu wetu ukimwambia hilo, limemtosha."

Haroub aliandika. Kalamu yake ilikimbia kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyohitaji, lakini Maalim alikuwa ameshika halua na hakulitilia maanani.

* * *

Siku ya uzinduzi Waziri wa Kasi alihutubia kwa saa mbili na nusu, mwendo wa polepole. "Ndugu wananchi," alisema, "wengine wana barabara, wengine wana maji, sisi tuna kasi. Kuanzia leo hakuna raia atakayechelewa popote akiwa amekaa nyumbani kwake." Papo hapo akazifuta simu zote za kawaida za kupiga nje ya nchi, akieleza kwamba mwenye taa ya umeme hafugi kibatari. Watu walipiga makofi. Kisha wakaambiwa makofi nayo ni bila kikomo, wakapiga tena.

Maalim alikwenda mwenyewe kwenye duka la Wizara kuunganishiwa waya. Alikuwa na sababu moja, na sababu hiyo iliitwa Zuwena. Alikuwa mwanawe wa pekee, muuguzi katika nchi ya mbali yenye baridi, na miaka minne ilikuwa imepita tangu baba amwone uso.

Ukutani palikuwa na ubao wa vifurushi vitatu: Swala, Duma na Tai. Vyote vilipita kwenye waya mmoja, tofauti yao ilikuwa mnyama. Chini ya Tai paliandikwa: Kasi ya hadi mia. Karani alikuwa binti mwenye beji kifuani iliyosema Niulize Chochote.

"Binti, mmeandika kasi ya hadi mia," alisema Maalim. "Hiyo mia inapatikana saa ngapi?"

"Haipatikani, babu. Tumesema hadi."

"Hadi mia ni mpaka kuifikia mia."

"Kuifikia, ndiyo. Kuingia, hapana. Hadi inaishia mlangoni, babu, mia yenyewe haimo. Tumefundishwa semina wiki mbili."

Maalim alicheka mpaka miwani ikashuka. Alipanga kumwandikia Haroub barua ya masahihisho, kwa upendo, akisharudi nyumbani. Barua hiyo hakuiandika.

Binti akamweleza na mengine. Mwezi wa kalenda, alisema, ulikuwa ukichelewesha maendeleo, basi Wizara imetengeneza mwezi wake wa siku ishirini na nane. Mwaka ukapata miezi kumi na mitatu, na Waziri akapongezwa kwa kuwaongezea wananchi mwezi mzima. Anayelipa mwezi mmoja mmoja hutozwa ada ya kutoaminika, kwa hiyo Maalim alilipa yote kumi na mitatu kwa mkupuo, na akiba yake ikaisha hapo. Juu yake alipewa zawadi: kisanduku chenye chaneli arobaini za mieleka na mapishi ya kigeni, bure kabisa. Alisema hazihitaji. Binti akamwonyesha kwenye mkataba kwamba zawadi haikataliwi.

Jirani yake, Bi. Raya, mjane aliyekuwa akiuza mandazi upande wa pili wa uchochoro, alichukua Swala. Ndicho alichokimudu. Swala ilikuwa na picha bila sauti, kwani sauti ilikuwa ikiuzwa peke yake.

"Sikuelewa ule ubao," alimwambia Maalim, "ila nikaona bila kikomo, nikauliza hilo neno la nani, wakaniambia la Maalim Mbaruku. Nikaweka kidole gumba."

* * *

Miezi minne ya Wizara ilipita kwa raha. Zuwena alipika na baba akatazama. Zuwena alifua, baba akamwambia lile doa kwenye shingo bado. Kisha siku moja akaja kwenye skrini amejifunika uso kwa kiganja, na Maalim akajua kabla hajaambiwa. Mchumba aliitwa Yunus, fundi wa meno, mtu wa kwao, mwenye kusema pole pole. Maalim alikwisha kumwona mara mbili akipita nyuma ya Zuwena kwa adabu kubwa, kama mtu asiyepita.

"Nije vipi, mwanangu?" alisema. "Daktari amenikataza ndege. Mteue wakala aniwakilishe."

"Sitaki wakala, baba. Nimemwambia sheikh wa hapa, baba yangu yuko hai na ataniozesha kwa mdomo wake. Amekubali. Ila amesema lazima akuone uso, akusikie, uitamke sentensi yote bila kukatika, na Yunus ajibu papo hapo. Ikikatika katikati haihesabiki. Na hapo yeye mwenyewe itabidi ashike nafasi yako, awe wali hakimu."

"Kama binti asiye na baba."

"Ndiyo. Kwa hiyo isikatike."

"Haikatiki," alisema Maalim. "Bando letu ni bila kikomo. Neno lenyewe nimelitoa mimi."

Ndoa ilipangwa Ijumaa ya wiki ya tatu tangu hapo, alasiri. Maalim akaanza mazoezi. Alisimama mbele ya kabati la vyombo na kuliambia, kwa sauti tofauti tofauti: "Nimekuozesha binti yangu Zuwena kwa mahari mliyokubaliana." Alijaribu kupumua kabla ya Zuwena, akajaribu kupumua baada yake. Mwishoni aliona ni bora asipumue. Sentensi ilikuwa fupi, lakini alikuwa ameisubiri miaka ishirini na tisa, na kila alipofika kwenye neno "binti yangu" alivua miwani, akaifuta, akaanza upya.

Siku kumi kabla ya ndoa ujumbe uliingia: "Ndugu Mteja Muungwana, umetumia asilimia themanini ya uungwana wako." Maalim aliusoma mara mbili akitafuta kosa la kisarufi, hakuliona. Siku ya pili yake ukaja mwingine: "Ndugu Mteja, uungwana wako umekwisha. Kuanzia sasa utahudumiwa kwa mwendo wa pole. Endelea kufurahia huduma bila kikomo."

Orodha ya watu ambao uungwana wao umekwisha hubandikwa katika nchi ile kwenye mbao za mitaa, ili majirani wawasaidie. Msikitini watu walimwachia Maalim nafasi kidogo kila upande. Bi. Raya alimpelekea mandazi, akayaweka barazani, akasita.

"Maalim, usinione mtovu wa adabu. Ulikuwa unatazama nini huko mpaka uungwana ukaisha?"

Alikwenda dukani kuuliza swali lile lile. Karani aliangalia mashine yake. Ilikuwa mieleka, alisema. Kile kisanduku cha zawadi kilikuwa kikivuta mieleka usiku na mchana, kikiwa kimewashwa na hata kikiwa kimezimwa.

"Si mlisema ni bure?"

"Zawadi ni bure, babu. Kinachohesabiwa ni kuipokea."

Jioni ile Zuwena alipiga. Paji lake la uso lilifika wakati wa magharibi, macho yakafuata baada ya isha. Mdomo haukufika.

* * *

Maalim alipanda ngazi za ghorofa kumi na mbili. Kwenye kila ghorofa palikuwa na mwenyekiti wa kitu fulani, naye kila mmoja alimpa maji na kumwelekeza juu. Haroub alisimama alipomwona, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamkalisha penye zulia. Nyuma ya meza, ndani ya fremu ya dhahabu, ilitundikwa ile karatasi ya wino mweusi.

Maalim alieleza. Alieleza juu ya paji la uso, juu ya kabati la vyombo na juu ya wali hakimu. Haroub alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa leso, akajifuta jicho moja.

"Maalim, Zuwena ni dada yangu. Nilimbeba. Nitakufungulia mimi mwenyewe."

"Nilijua, mwanangu."

"Ila na mimi niko pabaya," alisema Haroub. "Watu mia tatu wamefungua kesi. Wanadai tumewadanganya, kwamba walinunua huduma bila kikomo na ikakoma. Mahakama inataka maana ya neno kutoka kwa mwenye neno. Tumekuandalia maelezo mafupi, ni saini tu."

Akamsogezea karatasi. Ilisema: Kikomo ni mahali ambapo kitu huisha kabisa. Kitu kinachopunguzwa mwendo hakijaisha. Kwa hiyo kila kinachokwenda, hata kama hakionekani kwenda, ni bila kikomo.

Maalim aliisoma, na kwa mara ya kwanza tangu afike akasahau kilichomleta. "Huu ni uongo, Haroub. Umeandikwa kwa Kiswahili kizuri, lakini ni uongo. Neno hili wewe mwenyewe uliniambia: hapimwi, hahesabiwi, hakatwi."

"Na hakatwi, Maalim. Anapunguzwa."

Chini ya karatasi palikuwa na majina ya waliofungua kesi. La kumi na tisa lilikuwa la Raya binti Sudi, muuza mandazi, na pembeni yake alama ya kidole gumba. Maalim aliliona. Hatutasema hakuliona, maana yeye mwenyewe hajawahi kusema hivyo. Alilitazama muda mrefu, kisha akamfikiria Zuwena amekaa ukumbini amejifunika shela, sheikh akiuliza baba yuko wapi, na watu wakitazama kiti. Akauliza kalamu iko wapi.

Akaandika jina lake. Haroub alikausha wino kwa kupepea, akachukua karatasi nyingine yenye nembo, akaandika mbele yake: Mteja Mbaruku Faki arudishiwe uungwana wake wote, kwa ruhusa maalum, hadi ndoa ya bintiye. Akagonga muhuri mara tatu.

"Hadi ndoa," alisema, akimkabidhi. "Nakupa neno langu."

Maalim, mtu aliyewahi kusimamisha hotuba ya mazishi ili kusahihisha kiambishi, aliisoma karatasi ile, akaikunja, akaitia mfukoni upande wa moyo. Alishuka ghorofa zote kumi na mbili bila kushika ukuta.

* * *

Kweli uungwana ulirudi. Jina lake liliondolewa ubaoni, msikitini watu wakamsogelea, na uso wa Zuwena ukafika mzima, na mdomo wake na yote. Tangu Jumatatu mpaka Ijumaa waya ule ulikwenda kwa namna ambayo fundi wa Wizara mwenyewe alikuja kuutazama, akavua kofia.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri sebule ilijaa. Bi. Raya alifukiza udi, akapanga mandazi na kahawa, akawakalisha wanawake upande wa dirishani. Maalim alivaa joho aliloolea yeye. Simu iliegemezwa kwenye makopo ya biskuti, herufi N hadi, samahani, mpaka herufi Z. Kwenye skrini alionekana Zuwena kwa mbali katikati ya wenzake, Yunus akiwa amekaa mbele, mikono juu ya magoti, na sheikh mwenye ndevu nyeupe.

"Unanisikia, Maalim?"

"Nakusikia vizuri, sheikh. Nawaona nyote."

Sheikh alitoa hotuba yote, hata neno moja halikupotea. Zuwena aliulizwa kama ameridhia, akajibu kwa sauti ndogo, na sauti hiyo ilifika vizuri mpaka Bi. Raya akalia. Kisha sheikh akamwambia Yunus amtazame baba mkwe, akamwambia Maalim: sasa tamka.

Maalim alivuta pumzi.

"Nimekuozesha binti yangu..."

Yunus aliganda, mdomo umefunguka kidogo. Sheikh aliganda na kidole juu. Katikati ya skrini, juu ya uso wa Zuwena, kikatokea kiduara cheupe, kikaanza kuzunguka. Maalim aliendelea. Aliitamka sentensi mpaka mwisho, neno kwa neno, kama alivyoliambia kabati. Alipomaliza, ujumbe ukateremka: "Ndugu Mteja, uungwana wako umekwisha. Endelea kufurahia huduma bila kikomo."

Bi. Raya alikuwa ameshatoka mbio, viatu kaviacha mlangoni. Alirudi na simu yake, ile yenye Swala, akampigia Zuwena, akaisimamisha mbele ya Maalim. Ukumbi ukaonekana. Picha ilikuwa safi, ila sauti haikuwamo, wala ya kwenda wala ya kuja.

Waliweza kuonana. Maalim aliona Zuwena amesimama ameshika simu kwa mikono miwili, midomo yake ikisema baba, baba. Naye akaitamka tena, kwa nguvu, akiinyoosha midomo: nimekuozesha. Sheikh alitikisa kichwa na kuonyesha sikio lake. Walingoja nusu saa. Wakaonekana watu wa ukumbi wakija kuuliza, maana palikuwa na harusi nyingine nyuma yao. Sheikh akamsemesha Zuwena, na Zuwena akakataa kwa kichwa. Sheikh akasema tena, kwa upole, akionyesha saa ya ukutani. Zuwena akakaa chini na kuinamisha uso.

Kisha sheikh akaushika mkono wa Yunus. Maalim alimwona akisema maneno machache, na akaijua kila silabi kwa jinsi midomo ilivyotembea, isipokuwa mahali pa "binti yangu" palikuwa na neno jingine. Yunus alijibu. Watu walinyanyua mikono kuomba dua. Katika sebule ya Maalim hakuna aliyejua kama apige vigelegele au atoe pole, basi mandazi yakapoa. Yeye alikuwa bado amesimama na joho lake.

* * *

Jumamosi alipanda tena ngazi. Safari hii hakuna aliyempa maji.

"Ulinipa neno lako," alimwambia Haroub.

"Na nikalitimiza, Maalim. Niliweka karani maalum, asikilize waya wako tangu mwanzo wa shughuli, asije akakukatia mapema. Nilimwambia: hotuba ni kabla ya ndoa, mpe. Ridhaa ya binti ni kabla ya ndoa, mpe. Mzee akisema nimekuozesha, hapo ndoa imeanza." Alifungua mikono. "Ruhusa ilikuwa hadi ndoa. Ndoa yenyewe haikuwamo."

Maalim alisikia ile sauti ya binti wa dukani, hadi inaishia mlangoni, babu, na akakumbuka jinsi alivyocheka. Alihisi amesalitiwa. Angevumilia kusalitiwa na Wizara. Huyu alikuwa amekula kwake, na alimkata kwa kisu ambacho yeye mwenyewe alimfundisha kukinoa.

"Nirudishie saini yangu."

"Iko mahakamani. Hukumu imetoka asubuhi hii, tumeshinda. Na Waziri amekutunuku Nishani ya Lugha." Haroub akasukuma kisanduku kidogo cha mahameli. "Haikataliwi, Maalim."

Alirudi nyumbani na nishani mfukoni, maana hakujua mahali pa kuitupa. Bi. Raya alikuwa barazani kwake, karai halijawekwa jikoni. Habari ya hukumu ilikuwa imemfikia kabla yake, na habari ya saini pia. Maalim alisimama mbele yake, akaanza kueleza juu ya shela, kiti na wali hakimu, akaona maelezo yenyewe ni mazuri mno, akanyamaza.

"Mimi sina kesi na wewe, Maalim," alisema Bi. Raya. Alikuwa akifuta mikono iliyokuwa mikavu. "Mwana ni mwana. Ila lile neno nililinunua kwa sababu lilikuwa lako."

Akaingia ndani. Maalim alitamani angemtukana.

Jumapili mchana ujumbe wa Zuwena uliingia, wa maandishi, kwa kuwa maandishi hupita hata kwa asiye muungwana. Aliandika hivi: "Baba, tulikuwa tunakula, wageni wote mezani. Simu yangu ikazungumza yenyewe. Ilikuwa sauti yako. Sentensi yote, mpaka mwisho, haikukatika popote. Kila mtu aliweka kijiko chini. Yunus akasimama, akajifuta mkono, akaitazama simu, akakujibu. Sheikh anasema si lazima, ndoa imeshatimia. Yunus anasema kwake ni lazima. Jibu lake nimekutumia hapa chini, kwa sauti. Sikiliza."

Chini ya maandishi palikuwa na kiduara cheupe.

Maalim aliegemeza simu kwenye makopo, akavaa joho, akakaa mbele yake na mikono juu ya magoti, kama alivyokaa Yunus. Kiduara kilizunguka. Alasiri Bi. Raya alikuja, akaweka kahawa, akakaa kiti cha pili, maana alikuwa na hamu ya kusikia sauti, nayo kwake haipo. Wizara ikiulizwa husema sauti ile haijapotea, inakuja, na kwa hiyo haina kikomo. Kiduara kinazunguka hadi leo, na leo imo.